Mtoto hashiki ziwa, nakamua tu kwa pampu tangu azaliwe. Atashiba kweli?

mama_kichanga:

Habari zenu wamama (na wababa mliopo humu), naombeni msaada maana kichwa kimejaa. Nimejifungua juzijuzi tu, mtoto hajatimiza hata wiki mbili, alitangulia kidogo kabla ya siku zake ila kwa neema alitoka mzima na hospitali hatukukaa sana. Shida ikawa kwenye kunyonya, anaweka mdomo anavuta mara mbili tatu analala, au chuchu inamponyoka anabaki analia mpaka na mimi nalia. Manesi wamenielekeza kumpakata hivi na vile, ulimi wameuangalia wakasema uko sawa haujashikwa chini, wakaniambia akikua kua atajifunza ila kwa sasa nikamue nimpe. Ndo nikaanza pampu na mpaka leo ni pampu tu, ziwani hanyonyi kabisa. Na nimeshaamua hata ikiwa hivi mpaka mwisho nitakamua, sitaki akose maziwa yangu.

Sasa yanayonisumbua. Maziwa naona ni machache, asubuhi napata ya kueleweka lakini jioni nakaa na mashine nusu saa nzima natoka na ya kufunika kitako cha chupa tu, halafu nikiingia mtandaoni naona wenzangu wana friza limejaa mifuko mpaka mlango haufungi, nabaki najiuliza mi nina kasoro gani. Ziwa la kushoto linatoa nusu ya la kulia. Chuchu zinauma, moja imeshafanya mchubuko pembeni. Usiku usingizi unanibeba, kuna siku nalala saa nne naamka saa kumi nguo zimelowa na matiti yamekaza hayashikiki.

Na kuna kitu naona hata aibu kukisema. Nikiwasha pampu, kabla maziwa hayajaanza kutoka, napatwa na huzuni ya ghafla, yaani moyo unashuka puu kama mtu kaniletea habari ya msiba, halafu maziwa yakianza kutiririka baada ya muda kidogo inaondoka yenyewe. Mtoto nampenda mno, tafadhali mtu asiniambie sina shukrani.

Ndugu nao wananiambia ya kwenye chupa si kunyonyesha, nimpe ya kopo nipumzike. Kuna mtu humu kalea kwa kukamua tu tangu mtoto mchanga? Mlikua mnakamua mara ngapi kwa siku na mnajuaje kama ameshiba?

bi_tulivu:

Mdogo wangu pole na hongera kwa pamoja. Mi wangu wa pili nimemlea hivyo hivyo kwa pampu mpaka akaanza kula, ziwani hakuwahi kunyonya hata siku moja na ni mtoto mkubwa sasa, kwa hiyo inawezekana kabisa usitishwe.

Kwanza hilo la kusema si kunyonyesha lifute kichwani. Shirika la Afya Duniani linaposema mtoto apewe maziwa ya mama peke yake miezi 6 ya mwanzo, maziwa uliyokamua yamo humo humo, ni maziwa ya mama tu hata kama yamepita kwenye chupa. Mwambie hivyo anayekusema.

Haya sasa wingi wa maziwa. Kitu kikubwa kuliko vyote ni MARA NGAPI unakamua, sio unakaa na mashine muda gani. Ziwa linatengeneza kwa kufuata linavyotolewa, yakibaki mengi ndani kuna protini humo humo kwenye maziwa inayoliambia lipunguze kazi, yakitoka linaongeza. Na mwili unahesabu zaidi wiki hizi za mwanzo, ndo unajipangia utakua unatoa kiasi gani huko mbele. Kichanga akinyonya mwenyewe ananyonya mara 8 mpaka 12 kwa masaa 24, basi na wewe pampu ifanye kazi yake, mara 8 ndo usishuke hapo, ukifika 9 au 10 bora zaidi. Hazilazimiki kupangana sawasawa kila baada ya masaa matatu na saa mkononi, hapo ndo watu wanachanganyikiwa, wanakosa moja wanaona siku imeharibika. Ukiwa na nafasi mchana kamua hata kila saa moja na nusu, usiku acha nafasi ndefu kidogo, ilimradi ukijumlisha siku nzima zimetimia.

Ila usiku usiache masaa sita mdogo wangu, angalau katikati hapo amka mara moja, isizidi masaa manne matano. Prolaktini, ile homoni ya kutengeneza maziwa, inakua juu zaidi usiku kuelekea alfajiri na ndo maana hata wewe asubuhi unapata ya kueleweka. Jioni kupungua ni kawaida kwa karibu kila mama, sio kasoro yako. Kwa hiyo usiwe unaangalia chupa moja moja, andika kila ukikamua halafu jumlisha ya masaa 24, jumla ndo ikupe picha.

Kila ukikamua dakika 15 mpaka 20 zinatosha kama unakamua maziwa yote mawili kwa pamoja. Nusu saa ya nini? Unachubua chuchu bure. Badala yake kabla hujawasha mashine yakande maziwa taratibu kwa kiganja, ukiwa unakamua endelea kuyabonyeza kidogo kidogo pale unapohisi pamejaa, na ukimaliza toa mashine ukamue kwa mkono dakika mbili tatu. Hayo ya mwisho ya mkono ndo mazito yenye mafuta. Hili sio la mtaani, daktari Jane Morton wa Stanford na wenzake walilichapisha 2009 kwa mama wa watoto njiti, waliochanganya mkono na mashine walipata maziwa mengi kuliko wa mashine peke yake.

Ili mikono iwe huru kanda, chukua sidiria ya zamani inayobana, toboa kitundu kidogo kila upande usawa wa chuchu, ingiza funeli hapo, yaani kile kikoni cha pampu kinachokaa juu ya ziwa. Mi ndo ilinisaidia kuliko vitu vyote.

Kushoto na kulia kutofautiana acha kabisa kuwaza, karibu sisi wote tuko hivyo.

mkunga_zamu_ya_usiku:

Bi Tulivu kamaliza kwenye idadi, mi niongeze yangu maana kazini nakutana na haya kila siku.

Mama Kichanga, hiyo chuchu kwanza. Kukamua HAKUTAKIWI kuuma. Dakika ya kwanza unaweza kuhisi kuvutwa, hapo sawa, ila maumivu yanayoendelea mpaka mwisho na mchubuko wa pembeni mara nyingi ni funeli haikutoshi au umeweka nguvu kubwa. Pampu nyingi ndani ya boksi zinakuja na funeli ya milimita 24 na watu wanadhani hiyo ndo ya kila mtu, wakati chuchu za watu hazifanani. Chukua rula, pima upana wa chuchu yako pale chini inapoanzia, usipime ule weusi, pima kabla hujakamua maana ukishakamua inavimba. Funeli iwe sawa na kipimo hicho au izidi milimita chache tu. Halafu ukiwasha angalia ndani ya ule mrija, chuchu inatakiwa iende mbele irudi nyuma bila kusugua ukuta, na weusi usiingie ndani sana. Ukiona inasugua na ncha inakua nyeupe, ndogo. Ukiona weusi mwingi unavutwa ndani na unabaki na alama ya duara, kubwa. Kushoto na kulia wanaweza kuhitaji saizi mbili tofauti, na hapo unaweza kukuta ndo sababu mojawapo ya kushoto kutoa kidogo.

Nguvu nayo, watu wanadhani ukiweka ya mwisho maziwa yanakuja mengi. Hapana. Ukiumia mwili unakaza na maziwa yanagoma kushuka. Anza na ule mvuto wa haraka haraka mwepesi mpaka uone yameanza kuchuruzika, ndo uhamie kwenye ule wa polepole wa kina, upandishe mpaka unapohisi sasa inataka kuuma, urudi hatua moja nyuma. Hapo ndo pako. Mchubuko upake maziwa yako mwenyewe uache ukauke na hewa, kidonda kisipopona au kikitoa usaha nenda ukaonwe.

Sasa ile huzuni. Mamii, wala usione aibu, hiyo ipo na ina jina, kitaalamu wanaiita D-MER. Maziwa yanapotaka kushuka homoni zinabadilika kwa ghafla, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba dopamini inashuka haraka mno, mama anapata huzuni au wasiwasi au anajisikia vibaya tu tumboni kwa muda mfupi, sekunde mpaka dakika chache, inaisha. Haina uhusiano na upendo wako kwa mtoto wala na imani yako. Wengi inapungua miezi ikienda. Kunywa maji ya baridi, kuwa na kitu cha kukushughulisha dakika zile za mwanzo, na kujua tu kwamba ni homoni kunasaidia sana. LAKINI ikiwa huzuni inakaa siku nzima, zaidi ya wiki mbili, usingizi hauji hata mtoto akilala, huoni raha ya chochote, au yanakujia mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, hiyo ni nyingine kabisa, usisubiri kliniki ya tarehe, nenda siku hiyo hiyo na uwaambie wazi.

Kuhusu kushiba. Usihukumu kwa kulia maana watoto wanalia kwa mengi. Angalia nepi, kuanzia siku ya tano na kuendelea akikojoa mara 6 au zaidi kwa masaa 24 mkojo ukiwa mweupe au wa njano hafifu, na choo laini cha njano, anapata. Uzito ndo shahidi mkuu, kichanga anapungua kidogo siku za mwanzo halafu mpaka siku ya 10 mpaka 14 hivi awe amerudi kwenye uzito aliozaliwa nao. Huyu wako kwa vile alitangulia mpeleke akapimwe mapema, mara kwa mara. Kwa makadirio, baada ya wiki ya kwanza ni kama mililita 150 kwa kila kilo ya uzito kwa siku nzima, kwa hiyo mtoto wa kilo 3 ni mililita 450 hivi, ukigawa mara 8 inakuja 55 na kitu. Unaona mwenyewe kwamba si chupa iliyojaa. Wewe unapata jumla gani kwa siku? Ikiwa jumla yako haifiki na nepi ni chache, hapo mtoto aongezewe kwa maelekezo ya daktari huku wewe unaendelea kukamua, kuongezewa kwa muda si kushindwa.

Akiwa mlegevu hataki kuamka kula, nepi kavu masaa mengi, macho na ngozi vinazidi kua njano, au joto lake limepanda au limeshuka, msije kuuliza humu, kimbieni hospitali.

shosti_wa_mapacha:

jamani me nawashauri kitu kimoja kitakacho okoa muda, usioshe vifaa kila ukikamua utachoka, weka kwenye mfuko tia kwenye friji ukija kukamua tena unatoa unatumia unaosha mara moja kwa siku me nilifanya hivo na wanangu wawili hawakuumwa. pia usikae unaangalia chupa ukiwa unakamua funika na soksi ya mtoto utashangaa yanakuja yenyewe, me nlikua naweka na kinguo alichovaa mtoto puani nanusa na video yake nawasha kwa simu hapo hapo yanashuka

mkunga_zamu_ya_usiku:

Shosti la soksi na kinguo nakuunga mkono mia kwa mia, oksitosini, ile homoni ya kushusha maziwa, inaitikia harufu na sauti ya mtoto, na macho yakikaa kwenye mistari ya chupa ni presha tupu.

La friji kwa huyu mtoto nakataa. Hajafikisha miezi miwili na alitangulia, kinga yake bado changa, mabaki ya maziwa kwenye plastiki bakteria wanaendelea kuishi hata kwenye baridi. Vifaa vioshwe kila baada ya kukamua, na mara moja kwa siku vichemshwe au vitiwe kwenye mvuke. Najua inachosha, ndo maana napenda kuwaambia wazazi wakiweza wawe na seti mbili za zile sehemu zinazogusa maziwa, na hii kazi ya kuosha apewe mtu mwingine nyumbani. Mama kazi yake ni kukamua, kula na kulala.

baba_wawili:

Huyo mtu mwingine nyumbani ndo mimi, basi niseme yangu. Mke wangu alikamua kwa wote wawili na mimi usiku kazi yangu ilikua vyombo. Wanaume mliomo humu mkitaka kumsaidia mwenzio msiishie kumuuliza "umepata ngapi", chukueni beseni.

Namna tulivyokua tunafanya: beseni maalum la vitu vya mtoto tu, sio kwenye sinki moja kwa moja maana sinki lina vijidudu vya vyombo vyote vya nyumba. Unatenganisha kila kipande, suuza kwanza na maji ya kawaida ili mafuta ya maziwa yasigande, halafu maji ya moto na sabuni na brashi yake ya peke yake, suuza tena, tandaza kwenye taulo safi vikauke kwa hewa. Usifute na kitambaa. Beseni lenyewe na brashi navyo vioshwe.

Kitu kingine ambacho watu hawakiangalii, kuna kile kimpira laini cheupe kinachokaa chini ya funeli, kina mdomo kama wa bata, hicho ndo valvu. Sisi kuna kipindi maziwa yalishuka ghafla mke wangu akaanza kulia anadhani yamekauka, nimekuja kukiangalia kwenye mwanga ule mdomo wake umeachia, ukiubana kidogo unaona upenyo, yaani mashine inavuma kawaida kabisa lakini haivuti. Tulibadilisha kesho yake maziwa yakarudi. Kwa mtu anayekamua mara nane kwa siku vile vimpira vinachoka haraka, uwe na vya akiba, na usiingize brashi ndani yake unakipasua. Mrija wa hewa nao ukiona una matone ya maziwa ndani au ukungu usiutumie.

Kuhifadhi, haya ndo tulikua tumebandika mlangoni kwa friji, yanatokana na maelekezo ya CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani. Yaliyokamuliwa sasa hivi, kwenye joto la chumba lisilozidi nyuzi 25 ni masaa 4, chumba kikiwa cha joto zaidi wahi kuyaweka kwenye baridi. Kwenye friji siku 4, uyaweke nyuma kabisa, mlangoni joto linapanda linashuka. Friza miezi 6 ndo nzuri, mpaka 12 inakubalika. Yaliyogandishwa ukiyayeyusha kwenye friji yatumike ndani ya masaa 24 tangu yayeyuke, na usiyagandishe tena. Yaliyobaki kwenye chupa mtoto ameshatia mdomo, masaa 2 tangu amalize, yamwage hata kama yanauma. Kwa vile wenu alitangulia wakiwapa hospitali masharti makali zaidi fuateni ya hospitali. Andika tarehe kila mfuko, gandisha kidogo kidogo sio mfuko mzima mkubwa, na usimimine ya moto yaliyotoka sasa hivi juu ya yale ya baridi, yapooze kwanza kwenye friji ndo uunganishe.

Kupasha usitumie maikrowevu, inapasha vibaya sehemu moja inaunguza nyingine baridi, weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu. Ukiona yamejitenga mafuta juu maji chini hayajaharibika, zungusha chupa taratibu yatachanganyika.

mama_njiti:

Mama Kichanga nikutie moyo kwenye jambo ambalo hawajaligusa. Wangu alikaa kwenye chumba cha watoto njiti na yeye alianza na pampu, akaja kunyonya mwenyewe baadae kabisa wakati nilishajikatia tamaa kwamba haitatokea. Usiache kumweka ngozi kwa ngozi, yeye na nepi tu, wewe kifua wazi, mnafunikwa pamoja, kila siku hata mara kadhaa, mara nyingi ukimtoa hapo ukakamua unaona tofauti. Akiwa ametulia nusu usingizi mwache kichwa karibu na ziwa bila kumlazimisha, akilamba sawa, asipolamba sawa. Ukimlazimisha akiwa na njaa kali ndo anachukia ziwa.

Na namna ya kumlisha, kama anaweza kikombe kidogo wakuelekeze kazini kwa mkunga, kama ni chupa mkalishe wima kidogo, chupa iwe karibu kulala usawa, nyonyo yenye mtiririko wa polepole, kila akivuta kidogo inamisha chupa apumue. Akigeuza kichwa amemaliza, msimsukumie ya mwisho. Bibi zetu na shangazi zetu wanapenda kumaliziwa chupa, matokeo yake mtoto anazoea kumiminiwa na wewe mama unaona maziwa yako hayatoshi wakati yanatosha.

mama_kichanga:

Jamani sijui niwashukuruje, nimesoma yote nikamsomea na mume wangu na la beseni amelichukua yeye. Nimepima chuchu, kulia inakuja milimita 17 na kushoto 15, na funeli zangu zote mbili ni 24!! Tumetafuta ndogo na tangu niibadilishe maumivu yamepungua sana, mchubuko unafunga, na kushoto kumeongezeka japo bado hakujafikia kulia. Nimeanza kujumlisha ya siku nzima na kumbe sipo chini kiasi nilichokua nadhani, iko mia nne na kidogo na mtoto ana kilo 2.8, nepi anatimiza na zinazidi. Nikilinganisha na hesabu ya mkunga tuko pazuri. Ile huzuni bado inakuja ila kwa vile najua ni kitu cha dakika mbili naihesabia tu inapita, kwa kweli hilo peke yake limenitua mzigo.

Maswali mawili ya mwisho. Nimesikia kuna kukamua kwa mfululizo ili maziwa yaongezeke, inafanywaje? Na leo nina bonge upande wa kulia karibu na kwapa, linauma nikiligusa, homa sina. Nilikandamize mpaka liachie?

bi_tulivu:

Mdogo wangu umenifurahisha! 420 ndo hesabu ya kilo 2.8 hiyo, upo kwenye mstari.

Ya mfululizo ni hivi, unachagua saa moja ambayo upo huru, unakamua dakika 20, unapumzika 10, unakamua 10, unapumzika 10, unakamua 10. Inachukua nafasi ya kukamua mara moja katika zile zako, sio ya kuongezea juu. Mara moja kwa siku inatosha, siku kadhaa mfululizo, na usitegemee kuona kitu siku hiyo hiyo, wengi wanaona baada ya siku tatu nne mpaka wiki. Kwenye zile raundi za mwisho unaweza kutoa matone tu, ndivyo ilivyo, pale unautumia mwili ujumbe. Ila kwa hesabu zako wala huna haja nayo sasa hivi, kazana na zile mara 8 mpaka 10 na usingizi. Na ukiwa na bonge usiifanye kabisa, msubiri mkunga hapo chini.

mkunga_zamu_ya_usiku:

Usilikandamize! Zamani tulikua tunawaambia wamama wakande kwa nguvu na wakamue mpaka ziwa liwe tupu, siku hizi maelekezo yamebadilika, madaktari wa unyonyeshaji wa ABM (chama chao cha kimataifa) waliyaandika upya 2022. Ukikandamiza tishu zinavimba zaidi, ukikamua kupita kiasi ziwa linatengeneza zaidi na uvimbe unazidi. Endelea kukamua ratiba yako ile ile usipunguze usiongeze, weka kitambaa chenye baridi juu yake baada ya kukamua, pitisha vidole kwa wepesi sana kuelekea kwapani kama unapaka mafuta tu, sidiria isikubane hapo, na hiyo uliyotoboa hakikisha mshipi wake haupiti juu ya bonge. Dawa ya maumivu muulize daktari, zipo zinazofaa kwa anayenyonyesha.

Lisipoanza kulainika ndani ya siku moja, au pakawa pekundu na pa moto, ukapata homa ya nyuzi 38 na kuendelea, mwili unauma na kutetemeka, nenda hospitali maana unaweza kuhitaji antibiotiki, na hata ukipewa unaendelea kukamua na mtoto anaendelea kunywa, wala maziwa hayamdhuru.

mama_kichanga:

Sawa mama, kumbe mshipi wa sidiria ndo unapita hapo hapo, nimeangalia sasa hivi. Nautoa, naweka baridi, kesho asubuhi nitawaambia limekuaje.